Nusu Sekunde

Jumatatu, 3 Juni
Tangu asubuhi natengeneza ukurasa ule ule wa yowe, wa kuitana kwa simu mifugo ikiibwa. Katibu wa walinzi wa kijiji anaandika ng'ombe gani wameibwa, ujumbe unaingia kwenye simu za wanaume wote, wanatoka na fimbo. Nilikuwa nimeweka kitufe cha Tuma. Kulwa, bosi wangu, hakitaki. Eti wazee wanaandika, wanasahau kubonyeza, mwizi anavukia wilaya ya Meatu. Anataka ukurasa wenyewe usubiri mtu aache kuandika, kisha utume. "Mwizi hasubiri, mayu," ananiambia, kana kwamba mimi ni mama yake. Kitufe nimekitoa kwa hasira. Nimeweka usubiri nusu sekunde baada ya herufi ya mwisho. Nimejaribu kwa vidole vyangu, umetuma sentensi nzima. Haya.

Jumatano, 5 Juni
Kijijini, upande wa Shishiyu. Salamu za mwangaluka nyingi, ugali, maziwa ya mgando. Katibu ni Mzee Maduhu. Anaandika kwa kidole kimoja, anadonoa kama kuku. Kila herufi anaitafuta kwanza. Niliona. Nikataka kuongeza muda, Kulwa akapiga honi, nikapanda gari.

Jumamosi, 8 Juni
Wamempiga mtu. Anaitwa Limbu.

Ng'ombe wa mzee mmoja, Jidai, walikuwa hawaonekani. Vijana wamechemka tangu jana, mapanga yamenolewa. Leo asubuhi Mzee Maduhu akapata ukweli: mtoto mkubwa wa Jidai aliwapeleka kwa Limbu awafuge, malisho kwao yamekauka, akasafiri bila kumwambia baba yake. Mzee akakimbilia simu awatulize watu. Akaandika: Ng'ombe wa Jidai wameonekana kwa Limbu. Akasimama kutafuta herufi inayofuata.

Ukurasa ukadhani amemaliza. Ukatuma.

Kwake ni karibu; walimkuta uani. Rungu, mawe, ubapa wa panga. Wamemvunja mikono yote miwili alipoinua kujikinga. Alipoanguka wakamkanyaga kichwa. Mkewe alimlalia kwa juu, wakamburuta kwa nywele, wakarudi kazini.

Kila mara Mzee Maduhu aliposimama kutafuta herufi, ukurasa ulituma tena. Ujumbe wa mwisho uliwafikia ukiwa kamili: Ng'ombe wa Jidai wameonekana kwa Limbu, mtoto wa Jidai ndiye aliyempa awafuge, msitoke. Ulifika wakati wanampiga. Simu zilikuwa zinalia mifukoni mwao.



Jumapili, 9 Juni
Nimempiga Kulwa. Alisema tuwaambie watu ni kosa la mtandao. Kofi kwanza. Akacheka, nikamrushia kikombe, kikampasukia kwenye paji la uso. Damu mpaka kwenye kibodi. Nilitaka aanguke. Nilitaka nimkanyage. Mlinzi wa ofisi akanishika mikono.

Hata hivyo, nusu sekunde sikuandikiwa na Kulwa. Niliandika mimi.

Jumatatu, 10 Juni
Limbu bado hajafumbua macho. Ukurasa nimeuzima. Mzee Maduhu kaitupa simu chooni, amenipigia kwa simu ya binti yake. Analia, anauliza alikosea wapi. Nimemwambia hakukosea. Haamini. Vijana wanne wamekamatwa, nyumba ya mmoja imechomwa moto na ndugu za Limbu. Sasa nao wananoa panga. Nawachukia wote. Najichukia zaidi.

Jumatano, 12 Juni
Limbu amekufa alfajiri.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda msibani. Mama alinikataza, akasema wataniua. Nilikwenda.

Mjane anaitwa Kabula. Jicho moja limefunga kwa uvimbe. Nikamwambia ukurasa ule niliutengeneza mimi, na kwamba ulituma kabla mzee hajamaliza. Nilisubiri anipige. Nilitaka anipige.

Alijifunga kitenge vizuri. Kisha akasema namba ya Limbu nayo ilikuwa kwenye orodha ya yowe. Ujumbe ule wa kwanza ulimfikia, akamsomea mkewe kwa sauti. Hakushtuka. Alisema afadhali, basi watu wanakuja kuwaona ng'ombe, atawaeleza. Akamwambia achemshe maji ya chai. Yeye mwenyewe akatoa vigoda, akavipanga kivulini, akasimama kuwangoja wageni.

Bado vilikuwa pale, karibu na zizi. Hakuna aliyeviondoa.

Kabula akanivutia kimoja.

"Kaa, mayu."

Nikakaa.