Mwanamke Aliyeacha Njia

Dar es Salaam,
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Mke wangu Mama Neema,

Naanza na goti lako: je, limetulia? Kahawa ya upande wa bondeni imekwisha kuchumwa? Mimi mzima, ila nimechoka. Macho yanauma kwa kusoma miswada ya filamu, na joto la huku halimwachi mzee alale. Haya ninayoandika yalinishinda kuyasema kwenye simu ya Jumapili.

Unajua kwamba kampuni iliyoniajiri kusahihisha Kiswahili inatengeneza filamu ya vichekesho: mpelelezi wa mjini anakuja kwetu Mbozi kutafuta magunia ya kahawa yaliyoibwa. Juzi walituita wazee watatu tuitazame kabla haijatoka, tuseme kama watu wa kila upande wameonyeshwa kwa haki, kisha tutie saini.

Wenye akili wote wametoka mjini. Wa kwetu ni mwizi, mlinzi anayesinzia, na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo anatembea na kuni kichwani, anamwona baba mkwe wake akija, anaacha njia na kujificha kwenye mibuni ili ampishe, kama ilivyo desturi yetu kwa mkwe. Mpelelezi anapiga kelele, "Mwizi huyo!" Anamkimbiza, kuni zinamwagika, anamfunga pingu. Ukumbi mzima ulicheka.

Nami nilicheka, Mama Neema. Nilicheka kabla sijakukumbuka wewe. Kisha ikaja aibu ya pili: mswada ule ulipita mikononi mwangu. Nilisahihisha kila sentensi, nisione kwamba mwanamke yule hakupewa hata moja.

Nilikataa kutia saini. Mwongozaji, mtu mwenye heshima zake, akasema, "Mzee wangu, hivi ni vichekesho tu. Watu wamechoka, waache wacheke."

"Wacheke," nikamjibu, "lakini wamcheke asiyejua, wasimcheke mwenye adabu."

Binti aliyemwigiza mwanamke huyo, Mnamwanga wa Ndalambo, jirani zetu wenye desturi hiyo hiyo, alikuwa amekaa nyuma. Nikamwuliza kama naye hakuona kosa.

"Niliwaambia, baba. Wakasema, wewe kimbia tu."

"Ungepewa neno, ungesema nini?"

Akasimama, akainua mikono kana kwamba ameshika mzigo kichwani. "Afande, nampisha baba mkwe. Wewe kwenu hamkufundishwa kupisha wakubwa? Haya, okota kuni zangu!"

Mwongozaji alicheka mpaka akavua miwani. Kipande hicho watakirekodi upya, na maneno ya binti yatakuwamo. Lakini mlinzi atabaki akisinzia, na mwizi atabaki wa kwetu. Hayo niliyapigania hadi sauti ikakauka, sikufua dafu. Kwa hiyo saini sikutia, na huenda wasiniite tena. Sijutii sana, nimechoka.

Linalonisumbua ni jingine. Ulimpisha marehemu baba miaka yote ile, ukisimama kwenye umande na mzigo kichwani mpaka apite. Mimi niliita hiyo heshima, nikafurahi kusifiwa kwa ajili yako. Sikukuuliza hata siku moja kama kuni zilikuwa nzito.

Msalimu dada yangu wa Itaka, na mzee wa kanisa jirani yetu. Mke wa mwanetu naye msalimu sana. Mwambie kwamba nitakaporudi, tukikutana njiani naye ana mzigo, aendelee kutembea. Nitapisha mimi.

Mumeo,
Baba Neema