Kura Nje ya Chumba cha Mitambo

Ijumaa, 14 Juni

Leo ukumbini picha ya kauboi. Nimetafsiri kwa maiki mpaka koo limekauka. Watu wa mji wanataka kumnyonga mfungwa, sherifu kasimama mlangoni na bunduki yake. Nikamtilia maneno mazuri: huyu ni wa mahakama, si wenu! Ukumbi mzima ukanizomea. Mahakama gani, kesho si yuko nje? Mwenye ukumbi akanionya nisiwaudhi wateja, wao ndio wengi. Haya. Mwenye nguvu mpishe.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemsimulia mke wangu picha ya jana, kauliza: wale watu wa mji walirudi makwao kwa kuogopa sheria au bunduki? Nikasema sheria. Kacheka mpaka katua sufuria chini. Nimenuna.

Jumapili, 16 Juni

Picha ya mchana imekatizwa. Simu ya mwenye ukumbi imeibwa, na aliyekaa karibu naye ni fundi viatu. Ushahidi ndio huo tu! Wamemsukumia humu kwangu, chumba cha mitambo. Nikaingia naye, nikidhani wataona haya kunipita. Wakatufungia wote wawili.

Nimewapigia polisi. Gari halina mafuta, tuwe na subira. Subira!

Fundi anauliza mbona naandika. Mikono itulie, ndugu yangu. Akaniomba niseme nao, maana mimi wananisikiliza. Nikawasha maiki, nikasema yale yale ya mahakama. Wakapiga makofi. Wamedhani natania.

Sasa mwenye ukumbi anawatuliza. Hapa hakuna udikteta, anasema, kila mtu ana sauti yake. Wanaotaka apelekwe polisi wanyooshe mikono. Hakuna kiti kinachosogea. Wanaotaka tummalize hapa hapa? Nasikia viti vinasogezwa — wa nyuma wanasimama ili mikono yao ionekane. Nachungulia tundu la picha: wengine nawajua, tunasalimiana kila siku. Naogopa. Sijui la kufanya.

Fundi kavua viatu vyake. Niwapelekee wanawe, anasema, soli bado nzima. Nimekataa kuvipokea. Nikivipokea nitakuwa nimekubali.

Wanagonga. Mtafsiri, kaka, kura imepita kwa haki kabisa. Tupishe.

Komeo liko upande wao. Wanagonga kwa adabu tu.