Pumzi makumi mbili za mama

Gracia, uko pale?

Unajua mama yangu iko mu salle yetu ya bagonjwa tangu juzi, na pneumonie, ugonjwa wa mapafu. Tangu jana sikukuwa na zamu, nikamuachia Tshiala. Tshiala wetu! Yule nilimufundisha kazi ya unesi, mwenye kula bukari kwetu kila Jumapili!

Leo muchana naingia kumuona, nasoma fiche yake ya vipimo vya leo. Pumzi asubuyi makumi mbili, saa sita makumi mbili, kama ya muntu asiye na ugonjwa. Na miye naona kifua cha mama kinaruka! Nikashika mukono wake kama napima mapigo ya moyo, asijue, nikahesabu pumzi dakika muzima.

Makumi ine na moja. MAKUMI INE NA MOJA, Gracia!

Halafu sikiliza. Ilikuwa saa tisa ya muchana, na kisanduku cha saa kumi na mbili ku fiche kilisha kujazwa. Makumi mbili! Mangaribi yenyewe haijafika!

Docteur alikuja mbio, bakamuwekea oksijeni, sasa anapumua kidogo muzuri. Njo mama aliniambia: "Tshiala alinisalimia ku mulango tu."

Nikamukuta Tshiala mu korido. "Tshiala, hata mama yangu?" Hakuomba hata pardon. Aliniangalia tu mu macho:

"Dada Marthe, njo weye ulinifundisha. Ulisema salle ikijaa, pumzi tuandike makumi mbili, hakuna mwenye kuhesabu."

Nilisema vile, Gracia, kweli.

Lakini nilikuwa nasema juu ya ba mama ba bantu bengine.