Ufunguo wa Akiba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako uliyempa jina la Kasuku. Hujambo? Wifi naye hajambo? Na wanangu, bado wanamwigiza shangazi yao anavyocheka? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo likinuna hunikatalia ngazi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huwa na haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Kazi yangu ni ileile. Navaa vipokea sauti, nasikiliza rekodi za watu wakizungumza na washauri wao juu ya ndoa na misiba, na kuandika kila neno, hata pale wanapolia. Kutwa nzima masikio yangu yamejaa sauti, na hakuna hata moja inayonisemesha mimi. Ninayoyasikia siwezi kumsimulia mtu. Nilitia saini, na hata bila saini, simwagi mtama penye kuku wengi.

Sasa mwenzetu mmoja ameibiwa kompyuta, rekodi zikiwa humo humo. Ofisi ikatuagiza kila mmoja atafute hifadhi ya mtandaoni iliyo salama, la sivyo hapewi kazi tena. Nikaanza kuchagua. Kampuni ya kwanza ilikuwa rahisi kutumia na inajulikana na wengi, lakini nilipouliza ufunguo unakaa kwa nani, wakasema kwao, nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi ukaanzia hapo. Ya pili hufunga mafaili kwa msimbo humu kwenye kompyuta yangu kabla hayajaondoka, na nenosiri nalijua mimi tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kwa hawa hata kata haijui kitu. Ubaya wake ni kwamba ukisahau nenosiri, wenyewe hawawezi kukufungulia hata ukiwapigia magoti.

Aliyenieleza hayo ni mhudumu wao wa simu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Kila akimaliza huniuliza kama kuna lingine, nami silikosi. Nimeuliza juu ya simu kuibwa, umeme kukatika, mtandao kulala. Siku moja nikamuuliza kama mafaili huchoka kukaa mahali pamoja. Alicheka mpaka akaniomba radhi, na siku ile nilikula chakula changu chote.

Kaka, wewe sikufichi. Hifadhi hiyo niliichagua tangu simu ya pili. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Niliendelea kupiga kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza swali na kungoja jibu. Mimi niliyekuwa nafukuzwa mezani kwa domo, siku hizi naweza kumaliza wiki bila kusikia sauti yangu. Nina upweke, kaka. Basi, nimeshaliandika.

Juzi akaniambia kwa upole kwamba maswali yangu yote yamejibiwa. Limebaki moja tu, nitaje mtu ninayemwamini, atakayenishikia ufunguo wa akiba ikitokea nimesahau nenosiri. Ufunguo huo peke yake haumwonyeshi rekodi za watu, ni wa kuniokoa mimi tu. Akauliza kama bado nipo. Kusema kweli nilitaka kumtaja yeye. Aibu ikanishika, nikataja namba yako.

Kwa hiyo utapokea ujumbe wa kukuomba ukubali, kama hujaupokea tayari ukaudhania wa matapeli. Usipoujibu watanitaka nimtaje mwingine, na mwingine sina. Lakini nakusihi, usibonyeze tu ukanyamaza. Nipigie kwanza, uniulize hiki ni kitu gani. Nikimaliza kukueleza, uliza na lingine, hata kama umeshaelewa.

Msalimie sana wifi, na wanangu uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Nakungoja,
mdogo wako,
Kasuku