Magazeti ya Ukutani

Mjukuu wangu Mwende,

Natumaini huko Wote umeamka salama. Sisi hapa Matinyani tu wazima, na mbaazi zimetoa maua.

Umeniuliza ufanyie nini chumba ulichopanga baada ya ndoa kuvunjika, maana kuta zake zinakunyima raha. Nitakwambia nilichofanya babu yako alipofariki.

Nyumba ilikuwa nyeusi kwa moshi. Siku moja nikaomba magazeti ya kufungia sukari kwa mwenye duka kule Tulia, nikakoroga gundi ya unga, nikabandika ukuta mzima. Nilichagua kurasa zisizo na picha, kwa sababu sikutaka macho ya watu. Nyumba ikang'aa, nikajiona fundi.

Jumapili akina mama wa kanisa wakaja kuniombea, lakini maombi hayakuanza. Kila mmoja alikuwa amepinda shingo kama kuku anayetazama mwewe. Mwishowe wifi yangu akasema, "Mama Kyalo, umeyabandika kichwa chini yote."

Wakati huo sikujua kusoma. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, nao wakacheka. Tangu hapo hawakuja tena na sauti za matanga. Walikuja kunywa chai na kupinda shingo.

Baadaye nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, nikabandika mengine sawasawa. Ukurasa mmoja tu, unaotazamana na kitanda, niliuacha. Ukija Krismasi utalala hapo. Lala chali, uning'inize kichwa ukingoni, utausoma vizuri kabisa. Mimi bado huusoma hivyo.

Susu yako