Fundo la Miguuni

Baba,

Najua huwezi kuisoma barua hii. Nalisema hilo mwanzoni ili tusidanganyane, maana wewe na mimi tuliacha kudanganyana tangu siku ile kwenye meza ya kushonea. Naandika hivyo hivyo. Leo ni Jumapili, sina zamu kiwandani, nimekaa kwenye kiti chako na cherehani iko mbele yangu chini ya kile kitambaa cha kahawia. Jua limetoka ila halina joto. Unaijua baridi ya mwezi wa sita hapa Lubumbashi, ile iliyokuwa inakufanya ukanyage cherehani umevaa soksi mbili mbili huku ukimlaumu Mama kwamba anazifua mpaka zinakuwa nyepesi.

Nikupe habari kidogo. Abakosti, zile suti za Chama zisizovaliwa na tai, bado zinavaliwa, na wateja wako bado wanakuja. Mkubwa mmoja wa Chama alileta kitambaa chake, akaambiwa ulishazikwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Alisimama mlangoni akatoa pole, kisha akauliza kama yupo mwingine anayejua kukata kola kama zako. Nikamwambia hayupo. Kiwandani asubuhi tunaimba na kucheza ngoma za Chama kwanza, ndipo tunaenda kwenye tanuru la shaba. Na kwenye televisheni ya jirani, uso wa Kiongozi bado unashuka kutoka mawinguni kabla ya habari. Ulikuwa unageuza kiti chako na kunong'ona: "Miye niko na Mungu moja tu, na ule njo anatokea mu mawingu ni nani?" Nilikuwa nacheka sana. Baadaye nilipunguza kucheka, kwa sababu niliona kwamba mwenzako hata huyo mmoja sikuwa naye tena.

Watu wanadhani asiyeamini amemkasirikia Mungu. Mimi sikukasirika, Baba, nilichoka. Tulipomzika Zuena wangu, aliyechukuliwa na surua kabla hajatimiza miaka mitatu, kila aliyeingia kutoa pole alisema Mungu amempenda zaidi. Niliitikia kila mmoja. Niliendelea kuswali karibu mwaka mzima. Nilikuwa narudi kutoka zamu, natandika mkeka, nasema maneno yote, na sisikii kama kuna anayenisikiliza. Siku moja sikuutandika. Hakuna kilichobadilika, hata usingizi wangu.

Nilikuambia wewe peke yako. Ulikuwa unakata sanda ya mzee mmoja wa mtaani, kwenye meza ile ile uliyokatia abakosti, kama ulivyowakatia Waislamu wote wa hapa Kamalondo miaka yote niliyokujua. Nilitegemea unifukuze. Hata macho hukuinua.

"Njo vile," ulisema. "Leta makasi ile kubwa."

Ulimaliza kukata, ukachana vile vitambaa vitatu vya kufungia, cha kichwani, cha kiunoni na cha miguuni, ukavikunja taratibu. Ndipo ukasema: "Siku miye nakufa, njo weye utashuka mu shimo. Hapana mutu mwingine." Nikakuambia siamini, Baba, tafuta anayeamini. Ukasema: "Nimesikia. Lakini mikono yako miye naijua. Utafungua mafundo yote tatu, mutu halalake mwa Mungu na kamba. Ile tu njo nakuomba."

Ile tu. Hukuniomba niamini, wala niswali. Na hiyo ndiyo iliyonishinda.

Nieleze, maana hukuona. Siku yako ilinyesha tangu alfajiri. Tulikuosha mimi, Mwalimu wa msikiti na majirani wawili. Ulipofika wakati wa kufunga sanda, wao walishika kichwani na kiunoni, mimi nikapewa miguu. Ilikuwa baridi, na nilifikiria soksi zako, nikaacha kuangalia nifanyacho. Mikono ikafanya kazi yenyewe. Nayo inajua fundo moja tu, lile ulilonifundisha nikiwa na miaka minane, tulipokuwa tunafunga vifurushi vya abakosti za wakubwa wa Kolwezi. Fundo la treni, ulikuwa ukiliita. Unazungusha mara mbili, unapitisha chini, unakaza kwa goti, na mwizi wa njiani atahangaika mpaka mwisho wa safari. Ulijisifu kwamba halijawahi kufunguliwa bila kisu.

Nikakufunga miguu kama kifurushi cha Kolwezi.

Nilikuja kugundua shimoni. La kichwani lilifunguka, la kiunoni likafunguka, la miguuni likakataa. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Nilitumia kucha, nikatumia meno, Baba, nimepiga magoti kwenye matope, na watu juu wanadhani nalia. Kisu sikuwa nacho, na kukiomba nilishindwa kwa aibu. Mwana wa fundi, asiyeswali, ambaye kila mtu alikuwa anajiuliza kwa nini ameteuliwa yeye. Mwalimu akauliza kutoka juu: "Tayari?"

Nikajibu: "Tayari."

Wakaanza kushusha mbao.

Toka siku hiyo nimejaribu kujisemesha kwa akili. Kama hakuna kitu baada ya hapa, basi fundo ni kitambaa na miguu ni miguu. Nalijua hilo kama ninavyojua joto la tanuru. Lakini Mama kila Ijumaa, akitoka kukuombea, aliniuliza: "Ulifungulaka yote?" Nami nikamjibu yote. Nikawa naiogopa Ijumaa kuliko nilivyoiogopa nilipokuwa naamini.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuja kuomba nichukue makasi yako, kwa sababu sanda sasa zinakatwa ovyo na watu wanalalamika. Nikachoka kuficha. Nilimwambia habari ya lile fundo, nikamwambia pia kwamba siswali. La pili alilipokea kwa kucheka kidogo: "Ile minajua. Bantu bote banajua." La kwanza alilifikiria, kisha akasema kitambaa kinaoza, dhambi hakuna, Mungu anajua moyo wangu. Alisema kwa huruma na ninamshukuru. Ila yeye akikosea ana wa kumwambia akasikilizwa, akalala. Mimi niliyemkosea ni wewe, na wewe hupo. Hilo ndilo hakuna aliyeniambia wakati naacha kuamini, kwamba siku nitakapokosa sitakuwa na pa kupeleka.

Basi Jumanne nilimfuata Mama shambani Kasungami. Alikuwa anachimba viazi vitamu. Nilishika jembe la pili, nikachimba matuta mawili, kisha nikamwambia. Yote, kucha na meno na lile neno "Tayari".

Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Ya miguu?"

Nikasema ya miguu.

Alikung'uta udongo kwenye jembe. Nilidhani ataniambia niondoke. Kisha akasema: "Baba yako alikuwa anasikia baridi ku miguu maisha yake yote. Acha ibakie vile."

Akainama, akaendelea kuchimba.

Nililia, Baba. Sikuwa nimelia hivyo tangu Zuena. Mama hakuninyamazisha, aliniachia tuta langu nilimalize. Jioni tulirudi na kiroba kimoja, tumekishika huku na huku, yeye na Mungu wake, mimi bila, na njiani tulikuzungumzia wewe tu na soksi zako.

Bado siamini. Sitaki ufurahi bure. Bado nimechoka pia, na sidhani uchovu huu utaisha kwa sababu ya barua. Lakini makasi nimeyachukua. Jana nilinolesha ile kubwa. Nimejifundisha fundo jingine, la kuvuta mara moja tu likaachia, na nimelijaribu kwenye mguu wa meza yako mpaka vidole vimelijua. Nitawakatia sanda wanaoamini, na nikiombwa kushuka nitashuka, na kisu kitakuwa mfukoni. Nakuahidi jambo moja tu, kama wewe ulivyoniomba jambo moja tu: wakiniuliza kutoka juu kama tayari, sitafungua kinywa mpaka nimegusa mafundo yote matatu kwa mkono wangu.

Lako sitaweza kulifungua tena. Lala nalo, Baba. Lishikilie joto la miguu yako.

Mwanao,
Ramazani