Kidude Kilichotaka Kukaa Mbali

Jumamosi, bado lockdown

Mwezi mzima naongeza maji kwenye rejeta! Kwetu gari ikizima kwa joto tunasema imechemsha, basi unaipa maji. Leo imezima tena nikienda shifti ya kutunza wazee huku ugenini, Campbelltown. Bibi ninayemhudumia amengoja chai yake mpaka akalala.

Jioni jirani yangu Papa Espoir, fundi tangu Goma, ameinama kwenye boneti, barakoa kidevuni. "Maji haina kosa, mama. Ni hii module, kidude ya kutuma moto kwa plagi. Inapata joto sana, inazima gari, juu ya kukaa karibu sana na moteur, injini."

Amekifungua, akarefusha waya, akakifunga mbele kando ya taa, kwenye upepo. Gari imenguruma bila kuzima.

"Unaona? Kukaa mbali kumeiponya."

Nimecheka. Nimemwekea chai juu ya ukuta, nikarudi nyuma hatua mbili za lockdown, na machozi yakanitoka. Mimi huko kukaa mbali ndiko kunakonimaliza.